Muulize Mwalimu: "Kozi ina kila kitu isipokuwa mwalimu"

Mwezi huu barua nyingi zimezungumzia jambo moja: majukwaa ya kujifunzia mtandaoni, na kwa nini wanafunzi wengine wanayapenda na wengine hawataki hata kuyasikia. Nimechagua chache. Kwa msomaji mpya: nimefundisha kemia kwa chaki na ubao, na siku hizi nakaa kwenye dawati la msaada la jukwaa la chuo, mahali ambapo ujumbe wa "siwezi kuingia" hufika kabla ya salamu. Ninayoyasema hapa nayasema kutoka nyuma ya dawati hilo.

Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili. Kozi zangu nne ziko mtandaoni peke yake. Nikifungua moja nakuta folda kumi na nne, wiki ya kwanza hadi ya mwisho, kila folda ina slaidi na jaribio la maswali kumi. Kila wiki lazima tuandike mchango mmoja kwenye uwanja wa majadiliano na kuwajibu wenzetu wawili, basi wote tunaandika "Nakubaliana nawe, umeeleza vizuri." Mhadhiri hajaandika neno tangu salamu za wiki ya kwanza. Kozi ina kila kitu isipokuwa mwalimu. Nimefika mahali nikiona tu rangi za jukwaa moyo unanishuka. Ajabu ni kwamba kozi ya takwimu siichukii. Mhadhiri wake hurudisha kazi na mistari miwili mitatu aliyoiandika mwenyewe, na siku moja alibadilisha somo la wiki nzima kwa sababu nusu yetu tulikosa swali la nne. Rafiki yangu ananiambia ni uvivu tu, eti kizazi chetu kilitakiwa kuyapenda mambo haya. Je, tatizo ni mimi?
*Mwanafunzi, mwaka wa pili*

Marahaba, mwanangu. Jibu umelibeba mwenyewe ndani ya barua yako. Kozi ya takwimu iko kwenye jukwaa lilelile, rangi zilezile, nenosiri lilelile, na huichukii. Ugonjwa ungekuwa wa jukwaa ungekuuma kotekote. Kinachotofautiana ni mtu. Mmoja anasoma kazi zenu na mnajua kwamba amezisoma. Mwingine amepakia folda kumi na nne akaenda zake.

Sisemi hivi kuwatetea watengenezaji wa programu. Nina manung'uniko yangu juu yao, yakianza na kile kitufe cha kuwasilisha kazi kinachojificha chini kabisa ya ukurasa ukiwa kwenye simu. Lakini tuwe waadilifu. Moodle, mojawapo ya majukwaa yanayotumika sana duniani, lilitolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia, mtu aliyekulia jangwani huko magharibi ya nchi hiyo na kupata masomo yake ya utotoni kwa redio, mwalimu akiwa mbali naye kabisa. Programu yake hakuijenga iwe ghala la slaidi. Aliijenga juu ya wazo kwamba watu hujifunza wanapotengeneza kitu pamoja na kukiweka mbele ya wenzao. Ndiyo maana ndani yake mna uwanja wa majadiliano, kamusi inayoweza kuandikwa na darasa zima, na warsha ya wanafunzi kusahihishana kazi. Nikizunguka kwenye kozi ninazozihudumia, kamusi na warsha ni kama vyombo vya wageni: vipo, havijaguswa.

Wala umbali peke yake si hoja. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini Open University ya Uingereza, iliyopewa hati yake mwaka 1969 na kuanza kufundisha mwaka 1971, ilifanya kazi kwa vitabu vilivyotumwa kwa posta na vipindi vya BBC vya redio na televisheni, na watu walisoma hadi wakahitimu. Nyuma ya bahasha zile kulikuwa na mkufunzi aliyesoma kazi ya mwanafunzi na kumrudishia ikiwa na maoni. Mtaalamu wa elimu ya masafa Michael Moore (si yule wa filamu) aliliweka jambo hili vizuri mwaka 1989: katika masomo ya mbali kuna mazungumzo ya aina tatu, ya mwanafunzi na somo lenyewe, ya mwanafunzi na mwalimu, na ya mwanafunzi na wenzake. Pima kozi yako kwa kipimo hicho. Ya kwanza mnayo, slaidi zipo. Ya pili ilikufa wiki ya kwanza. Ya tatu ipo kwa jina tu.

Hiyo ya tatu nataka niiseme zaidi, kwa sababu inaniudhi. "Mchango mmoja, majibu mawili" ni sharti linalohesabu maandishi bila kuuliza kama kuna aliyefikiri. Kutoka dawatini naona saa ambazo michango hiyo huingia: siku sita kimya, halafu saa ya mwisho kabla ya kufungwa inamiminika yote, kila mtu akikubaliana na kila mtu. Wanafunzi hao si wavivu. Wamesoma sharti, wamelielewa, wamelitimiza kwa gharama ndogo kabisa. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo.

Kuhusu kizazi chako: mwaka 2001 Mmarekani Marc Prensky aliandika kwamba vijana waliozaliwa katika zama za kompyuta ni kama wenyeji wa dunia hiyo, na walimu wao ni wahamiaji tu. Maneno yalipendeza, yakasambaa, na watafiti waliokwenda kuyapima baadaye hawakumpata huyo mwenyeji. Ustadi wa kutumia simu haumfundishi mtu kupanga wiki yake, kugundua kwamba hajaelewa, na kuomba msaada kabla mambo hayajaharibika. Mimi huletewa malalamiko na vijana wanaohariri video kwa kidole kimoja, na kazi ya chuo wameituma kama picha iliyolala ubavu.

Sasa ufanye nini? Mwandikie mhadhiri wako, lakini usimwandikie lalamiko. Mwulize swali moja la somo, lililo wazi, ambalo hawezi kulijibu kwa "rejea slaidi za wiki ya tano." Wahadhiri wengi waliotoweka hurudi wakiulizwa kitu cha maana, maana na wao wanaamini hakuna anayewasikiliza. Tafuta wenzako wawili au watatu mkutane nje ya ule uwanja. Ndani ya uwanja, badala ya kukubaliana, andika usichokielewa. Utashangaa wangapi watakujibu kwa dhati. Jaribio la wiki lifanye kabla ya kufungua slaidi, kama mnaruhusiwa kulirudia, kisha usome ukitafuta yale uliyokosa.

Na tathmini ya mwisho wa muhula ikija, tafadhali usiandike "jukwaa ni baya." Nimeona linalotokea maneno hayo yakirudiwa na wengi: uongozi hukaa vikao, hununua jukwaa jingine, na folda zilezile kumi na nne huhamishiwa huko. Andika: "Hakuna aliyesoma kazi zangu."

Mwalimu, habari za kazi. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu mitazamo ya wanafunzi juu ya majukwaa ya kujifunzia mtandaoni. Msimamizi wangu amenishauri nitumie modeli ya kukubalika kwa teknolojia ya Fred Davis. Nimeandaa hojaji ya maswali 32, mizani ya 1 hadi 5, nami nitaiweka kwenye jukwaa lenyewe ili wanafunzi waijaze kwa urahisi. Una ushauri wowote kabla sijaanza?
*Mtafiti mchanga*

Ninao, na msimamizi wako asinichukie.

Modeli ya Davis ni ya mwaka 1989 na ni nzuri kwa kazi iliyotengenezewa. Inasema mtu hukubali teknolojia mpya akiona mambo mawili: kwamba itamsaidia katika kazi yake, na kwamba si ngumu kuitumia. Davis aliipima kwa programu za ofisini, barua pepe ikiwa mojawapo. Mfanyakazi wa wakati ule aliweza kuikwepa barua pepe na kuinua simu. Mwanafunzi wako ana njia gani nyingine? Kazi inawasilishwa huko, alama zinatoka huko, mtihani uko huko. Ukimwuliza kama "anakusudia kuendelea kulitumia jukwaa hili muhula ujao," atakuandikia 5, na hiyo 5 itakueleza tu kwamba hataki kufeli. Viswanath Venkatesh na wenzake, Davis akiwa mmoja wao, waliposhona upya modeli hizi mwaka 2003 waliingiza suala la hiari kwa makusudi. Anzia hapo.

La pili ni kubwa zaidi. Umesema hojaji utaiweka kwenye jukwaa. Nani ataijaza? Aliyeweza kuingia. Yule ambaye simu yake haifungui ukurasa, aliyeishiwa bando wiki ya tatu, aliyekata tamaa na kuacha kozi, hawa hawatakuwamo kwenye sampuli yako, nao ndio wenye mitazamo unayoitafuta. Utapata matokeo mazuri kwa sababu umewauliza waliofika kama safari inawezekana.

La tatu, neno "jukwaa" katika maswali yako lina maana ngapi? Mwanafunzi mmoja akilisikia anafikiria video, mwingine jaribio lililojifunga dakika mbili kabla, mwingine ile namba nyekundu ya arifa zisizosomwa, na mwingine anamfikiria mhadhiri. Ukipenda boga hupenda na ua lake: mhadhiri anayependwa hulipatia jukwaa lake alama nne na zaidi bila jukwaa kufanya lolote.

Nimesoma tasnifu za aina hii hadi naweza kuzikariri sura ya tano. Wanafunzi wengi wana mtazamo chanya. Changamoto ni mtandao na vifaa. Inapendekezwa mafunzo zaidi yatolewe. Hakuna uongo humo, na hakuna aliyejifunza kitu pia.

Kama ingekuwa kazi yangu, ningepunguza yale maswali 32 yabaki machache. Badala ya kuuliza mtu anaonaje, ningemwuliza alifanya nini: "Mara ya mwisho ulipofungua jukwaa ulikuwa unatafuta nini? Ulikipata? Ulipokikosa ulimwuliza nani?" Ningekaa na wanafunzi kadhaa, mmoja mmoja, nikimwomba kila mmoja atafute alama ya kazi yake ya mwisho na maoni ya mwalimu juu yake, nami nanyamaza nikitazama kidole kinakwenda wapi. Saa moja ya kutazama hivyo ina mambo ambayo mizani ya 1 hadi 5 haiwezi kuyasema. Kisha ningechukua kozi mbili zilizo kwenye jukwaa moja, moja inayosifiwa na moja inayolaaniwa, nikachimba tofauti. Msomaji wa kwanza hapo juu amekupa dokezo bure.

Na ningewafuata walioacha. Ni kazi ngumu, namba zao za simu zimebadilika, wengine wanaona haya. Lakini mahojiano kumi na walioacha yatakipa chuo chako zaidi ya hojaji mia tatu za waliobaki.

Jambo moja zaidi, angalia wanafunzi wako walianza lini kusoma mtandaoni. Aprili 2020, shule na vyuo vilipofungwa, zaidi ya wanafunzi bilioni 1.5 duniani waliathirika kwa hesabu za UNESCO, na walimu wengi walihamia mtandaoni kwa siku chache. Mwezi wa tatu mwaka huohuo Charles Hodges na wenzake walikuwa wameshaonya kwamba ule ni ufundishaji wa dharura wa mbali, usichanganywe na kozi ya mtandaoni iliyopangwa kwa miezi. Mwanafunzi aliyeonja ule wa dharura kwanza amebaki na ladha yake mdomoni. Mwulize, usikisie.

Mwalimu mwenzangu, nafundisha fiziolojia. Nilirekodi mihadhara yote upya, video za dakika arobaini na tano, sauti safi, michoro inayotembea. Tathmini ya wanafunzi imenipa 4.7 kati ya 5. Wameandika "unaeleza hadi mtu anaelewa kila kitu." Mtihani ulipokuja, wastani ulikuwa chini kuliko nilipokuwa nafundisha ubaoni. Wamenidanganya?
*Mhadhiri aliyevunjika moyo*

Hawakukudanganya, mwenzangu. Waliona kweli kwamba wanaelewa.

Kabla ya kuendelea, hakikisha mambo mawili ya kawaida: mtihani ulikuwa na uzito uleule, na wanafunzi waliingia na msingi uleule? Kama jibu ni ndiyo, basi tuzungumze.

Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake pale Harvard walichapisha jaribio walilolifanya katika madarasa ya fizikia. Halikuwa jambo la mtandaoni, lakini linakuhusu wewe moja kwa moja. Wanafunzi waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walisikiliza mhadhara uliopangika vizuri kutoka kwa mwalimu hodari, wengine walipewa maswali ya kuhangaika nayo kwa vikundi kabla ya kuelezwa, mada ikiwa ileile. Walipopimwa, waliohangaika walikuwa wamejifunza zaidi. Walipoulizwa wanaonaje, walisema wamejifunza kidogo kuliko wale wa mhadhara. Kuhangaika kunamwambia mtu "hujui." Mhadhara unaoteleza unamwambia "unajua." Video yako, kwa jinsi unavyoieleza, inateleza sana.

Jaribio jingine la zamani kidogo linasema kitu kinachofanana nalo. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine walivirudia kuvisoma, wengine walifunga karatasi na kujaribu kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima walikuwa mbele, tena kwa tofauti ya kuonekana. Na waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba watakumbuka. Sasa fikiria tathmini ya kozi inajazwa lini. Siku ileile video imekwisha, mtu bado ana joto la maelezo yako. Mtihani unakuja wiki kadhaa baadaye, joto limepoa.

Kwa hiyo hiyo 4.7 ni kweli, ila inapima starehe ya kusikiliza. Isiheshimu kupita kiasi na wala usiidharau, maana mwanafunzi aliyekereka haifungui video kabisa.

Ningekushauri uikate kila video vipande. Philip Guo na wenzake walipochambua mamilioni ya vipindi vya utazamaji kwenye edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, mwaka 2014 waligundua kwamba muda ambao watu hubaki nayo hauvuki dakika sita hivi, hata video ikiwa ndefu namna gani. Kabla ya kila kipande weka swali ambalo hawawezi kulijibu bado. Baada yake weka jingine, linalowataka waandike kwa maneno yao, si kuchagua A au B. Yape maswali hayo alama ndogo sana, ili kukosea kusiwe msiba. Baada ya wiki mbili uliza tena la zamani.

Jiandae, tathmini yako itashuka. Watasema unawachosha, kwamba mwaka jana ulieleza vizuri zaidi. Deslauriers na wenzake walipendekeza dawa rahisi, nami nimeona ikifaa kwa wahadhiri ninaowahudumia: siku ya kwanza kabisa waeleze wanafunzi kwamba watajiona hawaelewi, na uwaonyeshe kwa nini hisia hiyo ni ya kawaida katika kujifunza. Mwanafunzi aliyeambiwa mapema huvumilia. Na kama mkuu wa idara anakupima kwa tathmini ya wanafunzi peke yake, mpelekee matokeo ya mtihani na tathmini kwenye karatasi moja, vikiwa bega kwa bega.

Mwalimu, tunalazimishwa kuwasha kamera kipindi chote. Nachoka hadi kichwa kinauma, na kusema kweli naona aibu. Mimi ndiye mwenye dosari?
*Kamera imezimwa*

Huna dosari. Jeremy Bailenson wa Stanford aliandika mwaka 2021 sababu nne za uchovu huo: nyuso nyingi zinazokutazama kwa karibu mno kuliko maishani, kujiona mwenyewe muda wote, kukaa bila kusogea, na kazi ya ziada ya kusoma na kutoa ishara ambazo ana kwa ana hutoka zenyewe. Programu nyingi zina sehemu ya kuficha picha yako usijione wewe huku wengine wakikuona. Anza na hiyo. Kisha mwombeni mhadhiri, mkiwa kundi na kwa adabu, kamera ziwashwe mnapogawanywa vikundi vidogo na zizimwe anapohadhiri.

Na kwa wahadhiri wanaonisoma: mraba mweusi haumaanishi mtu amelala. Ukitaka kujua nani yupo, uliza swali, wape muda waandike majibu, nawe unyamaze. Kunyamaza ndiko kunakowashinda wengi wenu.

Nikitazama mihadhara kwa kasi maradufu, napoteza?
*Mwenye haraka*

Si sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha mwaka 2021 kwamba hadi kasi ya mara mbili wanafunzi walielewa karibu sawa na kasi ya kawaida. Wakizidisha hapo, uelewa ulishuka. Ila kama mhadhara uko katika lugha yako ya pili au ya tatu, au kuna hesabu ubaoni, rudisha kasi ya kawaida. Na dakika ulizookoa zitumie kuandika ulichokumbuka, si kufungua video nyingine.

Shikamoo Mwalimu. Nimejiandikisha kozi nyingi za bure mtandaoni, kutoka vyuo vikubwa, na sijamaliza hata moja. Nimeanza kujiona si mtu wa kusoma.
*Mwanzilishi wa yote*

Marahaba. Una wenzako wengi mno. Mwaka 2011 Sebastian Thrun na Peter Norvig walipofungua kozi yao ya akili unde ya Stanford kwa dunia nzima, walijiandikisha watu wapatao 160,000, na waliofika mwisho walikuwa sehemu ndogo tu. Mwaka 2019 Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walipochunguza miaka kadhaa ya kozi za Harvard na MIT kwenye edX waliona kwamba zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakuwahi kuifungua kozi hata mara moja, na waliomaliza mwaka wa 2017 hadi 2018 walikuwa kama 3 kwa kila 100. Miongoni mwa waliolipia cheti, waliomaliza walikuwa chini kidogo ya nusu.

Kujiandikisha kozi ya bure ni sawa na kusema "hili lingenifaa," basi. Jiondoe kwenye zote. Chagua moja unayoihitaji kwa kazi unayoifanya sasa hivi, na umtafute mtu mmoja wa kuisoma naye, hata kama mnawasiliana kwa ujumbe wa simu tu. Kama lengo lako lilikuwa somo moja ndani ya kozi na ukalipata, hiyo ihesabu umeimaliza.

Mwalimu, wewe uko ndani. Hebu tuambie, msimamizi wa jukwaa anaona nini hasa? Huku tunaambiana wanaona hata tukilala.
*Kwa niaba ya darasa*

Kulala hatukuoni. Kumbukumbu za jukwaa huandika umeingia saa ngapi, umefungua ukurasa gani, umepakua faili lipi, jaribio umelianza na kulimaliza lini na umejibu nini, na anwani ya mtandao uliyotumia. Hazijui kama umesoma. Ukurasa uliouacha wazi ukaenda kuoga na ukurasa uliousoma kwa makini, kwetu vinafanana. Hatuoni kurasa nyingine ulizofungua pembeni, isipokuwa pale mnapotakiwa kuweka programu maalumu ya kusimamia mtihani. Hiyo huona mengi, kwa hiyo isome masharti yake kabla ya kukubali.

Tatizo kubwa la kumbukumbu hizi ni jinsi zinavyosomwa vibaya. Kuna wanafunzi wanaoingia wiki ya kwanza palipo na mtandao mzuri, wanapakua kila kitu, wanarudi nyumbani kusoma bila intaneti. Wanasoma kuliko wengi. Kwenye kumbukumbu wanaonekana watoro. Vyuo vingine sasa hutumia programu zinazotoa orodha ya "wasioshiriki" kwa kuhesabu tu mara ambazo mtu ameingia, na mhadhiri mwenye wanafunzi mia mbili huiamini orodha hiyo kwa sababu hana kingine cha kushika. Kama katika darasa lenu mnao wanaosoma kwa kupakua, waambieni wamwandikie mhadhiri sentensi moja kabla ya wiki ya nne. Orodha za kwanza huanza kutoka hapo.